Reli Ambayo Baba Hakuiweka Mezani

Wiki hii jirani yangu anapaka geti lake rangi. Ni rangi ya mafuta, ya kahawia, ile ya kopo, na kwa kuwa mchana upepo wa ziwa unapanda huku kwetu, harufu yote inaingia ndani bila kupiga hodi. Mwanangu analalamika kwamba kichwa kinamuuma. Mimi tangu asubuhi nimesimama dirishani mara tatu nikiivuta kwa pua zote mbili, na anayeniona na anione. Wapo watu wa rika langu ambao harufu ya udi inawarudisha kwenye arusi ya dada zao. Mimi rangi ya mafuta inanirudisha kwenye mlango.

Mlango wenyewe haukuwa na nyumba. Ulikuwa umeng'olewa kwenye ghala fulani la zamani, mbao nzito, na upana wake ungetosha kulaza watoto wanne. Baba aliuomba kwa mwenye nyumba wetu, akaulaza juu ya mapipa mawili nyuma ya chumba chetu, chini ya kibanda cha bati, na juu yake akajenga reli. Najua mtu atauliza, reli hapa Gisenyi, mji wa mpakani kando ya ziwa? Haijafika hadi leo. Kila baada ya miaka kadhaa tunaambiwa inakuja, nasi tunaitikia amina, kisha tunarudi kwenye mabasi yetu. Lakini Baba alikuwa mtu wa reli, na mtu wa reli ukimweka mahali pasipo na reli ni lazima aipe mikono yake kitu cha kufanya.

Baba alizaliwa Tanzania, mtoto wa wakimbizi kutoka huku. Huko ndiko alikokulia, akasoma, akaoa, akawa stesheni masta wa stesheni moja ndogo magharibi ya Tabora. Mama ni Mnyamwezi wa hapo hapo stesheni. Njia ya kurudi ilipofunguka, Baba alisema sasa tunakwenda kwetu, na mimi niliyekuwa na miaka saba nikashangaa, maana nilidhani kwetu ndipo tulipokuwa. Tulitangulia wawili, yeye na mimi. Mama alibaki kwa siku mbili tu kukabidhi nyumba ya reli na kuuza mbuzi, kisha angetufuata kwa treni ya pili hadi Isaka, mahali ambapo malori ya wanaorudi yalikuwa yakikusanyika. Siku hizo mbili zikawa miaka miwili.

Barua yake ya kwanza ilieleza kisa. Treni yake ilikwama stesheni kwetu siku moja na nusu, wakasema tokeni ya kuifungulia njia imepotea, na alipofika Isaka malori yalikuwa yameondoka. Akarudi nyumbani akamkuta Bibi, mama yake mzazi, amelala kitandani hawezi. Basi akasema atamuuguza kwanza. Nakumbuka Baba alisoma barua ile amesimama, akaikunja, akaingia ndani na hakula. Mimi nilidhani anamhurumia Bibi.

Tangu hapo barua zilikuja kwa mikono ya madereva wa malori. Baba alijibu, na mimi niliongeza ukurasa wangu. Hakuwahi kuusoma hata mara moja. "Barua ya mtu ni ya mtu," alikuwa akisema, akinipa bahasha niilambe na kuifunga mwenyewe. Mwaka mmoja ukapita hivyo. Bibi akafariki, Mungu amrehemu, na Mama akaandika kwamba anafunga mizigo. Tulinunua mkeka mpya. Halafu barua zikakatika, na Mama hakuja. Baba hakuuliza kwa nini. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba hakuuliza.

Mjini alipata kazi ya kupima viazi vilivyoshuka kutoka Mudende. Alisimama kwenye mizani toka alfajiri, akiandika uzito wa magunia kwa mwandiko ule ule aliokuwa akiandikia saa za treni. Akirudi alasiri alinawa udongo, akala, kisha akaenda kwenye mlango wake. Reli alizitengeneza kwa njiti za mwavuli. Chini yake alimwaga kokoto za makoro, yale mawe meusi ya volkano ambayo huku kwetu hayanunuliwi kwa sababu yamejaa kila mahali. Mabehewa yalikuwa makopo ya samaki na makopo ya nyanya, na magurudumu yalikuwa vigurudumu vya uzi tulivyopewa na mwenye nyumba, Baba Aziza.

Baba Aziza alikuwa fundi cherehani, Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa hapa mjini, mtu mnene mwenye futi ya kupimia shingoni hata akienda kuswali. Kiswahili chake kilikuwa kimelalia sana upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Binti yake Aziza alikuwa rika langu na mwalimu wangu wa mambo yote ya mji. Yeye ndiye aliyenionyesha moshi wa volkano ya Nyiragongo ng'ambo ya mpaka akaniambia ule ni moshi wa treni ya Kongo inayopanda mlima. Niliamini. Mtoto aliyelelewa stesheni akiona moshi anawaza nini kingine?

Mgeni wa tatu wa mlango ule alikuwa Afande, askari mstaafu aliyerudi kutoka Uganda na mguu mmoja usiokunjika. Alipanga chumba cha mbele. Kila Jumapili alasiri watu wazima hawa watatu walikusanyika kibandani na chai ya maziwa, wakainama juu ya makopo ya samaki kama madaktari juu ya mgonjwa. Wake za watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo ambalo wao hawakulielewa, au hivyo nilidhani.

Siku ya ubishi mkubwa ilikuwa siku ya kuchagua kampuni. Njia zilikuwa tayari, stesheni ya boksi la sabuni ilikuwa tayari, na Baba alikuwa amenunua makopo madogo ya rangi. Alikuwa na msimamo mkali kuhusu jambo moja, kwamba hakuna treni isiyo na mwenyewe. Treni ina kampuni, na kampuni ina rangi zake, filimbi zake na sheria zake. Ukichanganya behewa la huyu na injini ya yule, alisema, umebaki na makopo.

"Hapa pana nafasi ya kampuni mbili," alitangaza. "Njia moja inaingia kutoka kushoto, nyingine kutoka kulia, zinakutana stesheni hii ya katikati. Mbili tu. Chagueni kwa akili."

"Mbili ni kidogo," alisema Afande.

"Mlango ndio huo huo. Hauongezeki."

"Bon," alisema Baba Aziza, akiweka kikombe chini. "Mi nasema ya Kongo. Babu yangu alifanyaka kazi kwa reli ya Kongo, kule Kindu. Ile treni ilikuwa inapita mu pori siku tatu, haiogopi mutu, haiogopi tembo."

"Babu yako alikuwa dereva?"

"Alikuwa anapakiaka kuni. Lakini bila kuni, dereva ni nani?"

Afande alicheka hadi akashika mguu wake. Kisha akatetea ya Uganda. Alisema akiwa kijana aliipanda kutoka Kampala hadi Kasese, amekaa kwenye benchi la mbao mpaka mgongo ukalia, na ilifika saa ile ile iliyoandikwa kwenye tikiti.

"Saa ile ile?" Baba alimtania. "Basi hiyo haikuwa treni, Afande. Labda uliota."

Wakabishana hivyo mpaka chai ikapoa. Ubishi ulikuwa wa nafasi moja, kwa sababu ya kwanza kila mtu alijua ni ya nani. Baba Aziza ndiye aliyesema kwa sauti. "Tunapigania kiti kimoja hapa. Ya Stesheni Masta iko ndani tayari, si ndiyo?"

Baba alikuwa akikoroga rangi na kijiti. Hakuinua macho. "Hapana," alisema. "Ya Tanzania siiweki. Ya Kongo moja, ya Uganda moja. Tumemaliza."

Afande alimtazama Baba Aziza, na Baba Aziza akaitazama futi yake. Kisha wakaanza kuzungumzia bei ya viazi, kama watu wazima wanavyofanya mtoto akiwa karibu. Mimi nilikuwa nimeshika kopo la samaki nililokuwa nalifuta kwa mchanga, na nililifuta mpaka likanikata kidole.

Nieleze nilivyokuwa nimeelewa, na msinicheke sana. Nilidhani mlango ule ulikuwa ramani ya kazi. Nilidhani Baba na wenzake walikuwa wamepewa jukumu la kuchagua treni zipi zitafika Gisenyi, na zile ambazo hazikupakwa rangi zingekatazwa. Ushahidi nilikuwa nao. Ya Kongo ilikuwa imetajwa, na moshi wake ulionekana mlimani kila asubuhi. Treni ya Tanzania ndiyo iliyotuleta, na ndiyo treni pekee iliyopita mlangoni kwa Mama. Baba alikuwa ameifuta kwa mdomo wake mwenyewe.

Aziza naye hakunisaidia. Jioni ile tukichota maji bombani aliniuliza, "Kama treni ya kwenu haiko, mama yako atapita wapi?"

"We hujui kitu," nilimjibu.

"Mi nauliza tu, sha. Usikasirike."

Nilikasirika wiki nzima. Nilikuwa na miaka tisa, na hasira ya miaka tisa haina pa kwenda. Nilimwona Baba akipaka kopo la Kongo rangi ya buluu kwa utulivu, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, nikamchukia. Nasema nilivyohisi. Nilimchukia mtu aliyekuwa akinisuka nywele mwenyewe kila Jumamosi kwa vidole vya kupimia viazi, tena vibaya, mistari imepinda.

Jumamosi ile, alipokuwa kwenye mizani, nilifanya kazi yangu. Nilichukua kopo la samaki ambalo halikuwa limepakwa. Nilichukua rangi ya kahawia, na ya njano kwa ajili ya mstari, maana hivyo ndivyo nilivyoyakumbuka mabehewa ya kwetu. Nikapaka kopo, vidole na nusu ya gauni. Magurudumu manne Aziza aliniibia kwenye meza ya baba yake, na ninamshukuru mpaka leo. Treni ilipokauka niliona imepungukiwa heshima. Hapo nikakumbuka medali ya Baba.

Ilikuwa chini ya sanduku la Baba, imefungwa kwenye leso. Nilikuwepo alipoipata. Siku tuliyoondoka, dereva alimheshimu Baba kwa kumpandisha kwenye injini pamoja nami, ndiyo iliyokuwa desturi ya kumuaga mtu wa reli. Tulipofika stesheni ya kwanza mbele yetu, dereva alimpa Baba mkoba wa ngozi wenye pete kubwa. Baba akatoa ndani yake kisahani cha shaba kinachong'aa, akakitia mfuko wa koti, akamrudishia dereva mkoba. Kisha akashuka akakumbatiana na stesheni masta wa pale, na wote wawili wakalia. Nilijua nimeona nini. Baba alikuwa amepewa zawadi ya kazi yake. Kwa nini aliificha sikujua, nikadhani ni unyenyekevu.

Jumapili baada ya misa niliwahi kibandani kabla yao. Niliweka treni yangu ya kahawia katikati kabisa ya mlango, mbele ya stesheni, na kisahani cha shaba nikakiegemeza ubavuni mwake. Kisha nikakaa kwenye ndoo nikisubiri waone aibu.

Wa kwanza kuona alikuwa Baba Aziza. Alikiokota, akakisogeza mbali na macho, akasoma polepole majina mawili yaliyochongwa juu yake, moja la stesheni yetu na moja la stesheni ya mbele yake. "Hii kitu ni muzuri," alisema. "Ni dhahabu?"

Baba alikuwa anaingia na birika. Aliliweka chini taratibu sana. "Nani amekitoa hicho?"

"Ni zawadi yako," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ya juu kuliko nilivyotaka. "Dereva alikupa. Nimeiweka ili treni ya Mama na yenyewe ipite."

Afande alianza kucheka, akaacha. Baba alikaa kwenye gunia la kokoto. Alikuwa mtu mrefu, na sikuwahi kumwona akikaa chini kiasi kile.

"Siyo zawadi, mwanangu," alisema. "Ni tokeni."

Akawaeleza wenzake, na mimi nikasikia. Reli ya kwetu ni ya njia moja. Ili treni mbili zisikutane uso kwa uso, kila kipande cha njia kati ya stesheni na stesheni kina tokeni yake. Dereva asiye nayo haondoki hata akiwa amebeba waziri. Akifika mbele anaitoa, stesheni masta anairudisha kwenye mashine, na mpaka irudi kwenye mashine hakuna nyingine inayotoka. Miaka kumi na miwili Baba alipokea mikoba ile. Siku ile alikuwa abiria, lakini dereva, kwa mazoea, alimnyooshea yeye, na yeye, kwa mazoea, akapokea. Akatia mfukoni ili mikono iwe huru kumkumbatia mwenzake. Treni ikapewa tokeni ya kipande cha mbele, ikapiga honi, wakaondoka. Aliigundua mpakani Rusumo akitafuta karatasi.

"Njia kati ya stesheni yetu na ile ya pili ikafungwa," alisema. "Treni iliyofuata ikakaa siku moja na nusu, mpaka wakubwa walipokuja na karatasi za kuipitisha. Mke wangu alikuwa ndani ya treni hiyo. Nilimfungia njia kwa mkono huu." Akautazama mkono wenyewe kama kitu cha mtu mwingine. "Siwezi kuiweka mezani reli ambayo nimeifunga mimi."

"Na yeye anajua?" aliuliza Afande.

"Nitamwambiaje? Amemzika mama yake peke yake. Nimwandikie kwamba ilikuwa mfukoni mwangu?"

Baba Aziza alikuwa bado amekishika kisahani. Aliniangalia mimi, akamwangalia Baba. "Bon. Mutu anaweza sahau," alisema. "Siku moja, siku mbili, hiyo ni kusahau. Lakini miaka mbili, ndugu yangu, hiyo haiko kusahau tena. Hiyo ni kuficha."

Hakusema kwa ukali. Aliondoka, akaenda kwenye cherehani yake, na tukaisikia ikilia kidogo. Aliporudi alikuwa ameshona kifuko cha kaki, kutoka kwenye mabaki ya sare za shule, chenye kamba ya kukaza mdomo. Akakitia kisahani ndani, akakivuta, akampa Baba.

"Tuma," alisema. "Andika barua, tuma. Mi nitakaa hapa mpaka umalize."

Baba aliandika barua nne, akachana tatu. Ile ya nne ilikuwa fupi, na kwa mara ya kwanza alinisomea barua ya mtu. Alimwambia Mama kwamba tokeni alikuwa nayo yeye tangu siku ile, kwamba alijua na akanyamaza, kwamba anaomba msamaha. Aliandika: irudishe wewe kwa mkono wako, kisha ukitaka kuja njoo, na usipotaka nitaelewa. Mimi sikuelewa hilo la usipotaka. Kifuko kikaondoka na dereva wa lori la Kahama, mtu aliyeapa kwa mama yake mzazi kwamba atakifikisha.

Mezani hakuna treni iliyotembea tena. Baba alisema zote tatu zinasubiri ruhusa. Siku zikapita, Jumapili zikahesabiwa hadi saba, na wanaume wale watatu walikunywa chai wakitazama makopo yaliyosimama. Baba alikuwa anakonda. Nilianza kufikiri kwamba nimeharibu kila kitu, na kwamba medali zingine heri zikae kwenye leso.

Alikuja mchana wa Jumanne. Nilikuwa bombani nikaona pikipiki inashuka, na nyuma ya dereva mwanamke amekaa, sanduku amelipakata. Sikumtambua kwa sura, alikuwa amepungua. Nilimtambua kwa jinsi alivyomwambia dereva aliyempokea sanduku, "Polepole, baba, hilo siyo gunia." Ndoo niliiacha ikifurika. Aziza ndiye aliyekimbia hadi kwenye mizani.

Baba alifika na udongo wa Mudende hadi viwikoni, akasimama hatua tano kutoka kwake. Wote wawili walikuwa wameshikwa na haya mbele ya ua mzima.

"Nimeirudisha," alisema Mama.

"Walisemaje?"

"Waliniandikia risiti."

Baba alicheka, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajifuta uso na udongo ukamchafua. Mama akatoa kitambaa akamfuta. "Nilijua," akasema. "Siku nyingi nilijua ni wewe. Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Nani alikuambia?"

"Watu," alisema Mama. "Niruhusu nikae, nimechoka."

Jumapili iliyofuata mlango ulikuwa na kampuni tatu. Nafasi ilipatikana kwa urahisi ulioniudhi. Kila stesheni ya njia moja, Baba alieleza, ina njia ya pembeni, na treni moja ikiingia pembeni nyingine inapita. Alikuwa ameijenga njia hiyo tangu mwanzo. Baba Aziza aliisukuma treni yake ya buluu kwa kidole kimoja mpaka pembeni. "Ya kwangu itapisha," alisema. "Iko na subira." Na kopo langu la kahawia, lenye mstari wa njano uliopinda kuliko nywele zangu, likapita la kwanza, Mama akiangalia.

Miaka mingi niliishi na hadithi hiyo nikiwa shujaa wake. Niliwasimulia wanafunzi wenzangu, nikamsimulia mume wangu kabla hajawa mume wangu. Mtoto aliyemrudisha mama yake kwa kopo la samaki. Baba Aziza aliisimulia pia dukani mpaka alipofariki, akiongeza chumvi yake.

Baba tulimzika mwaka jana. Mama sasa anaishi nami. Magoti yamekataa ngazi, lakini pua haijakataa chochote, na leo mchana aliniita chumbani kwake.

"Hiyo ni ya kahawia," alisema. "Nani anapaka?"

"Jirani, geti lake."

Aliinua macho ukutani. Kifuko cha kaki kinaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake, miaka yote hii, na mimi nilijua anawekea rozari. Aliniambia nikishushe.

"Nilimwambia baba yako watu waliniambia," alisema. "Hakuna mtu aliyejua. Pale stesheni walidhani imeanguka njiani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekwishafunga sanduku, nimeaga, nangoja treni ya Alhamisi. Barua yako ikafika."

"Barua yangu ipi?"

"Fungua."

Chini ya rozari kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ya daftari la mistari. Sikutaka kuikunjua. Nilikuwa nimeanza kuelewa.

"Nilifungua sanduku nikatoa nguo," alisema Mama. "Nilikasirika. Nikasema, mtu huyu ameniacha nimzike mama yangu na tokeni anayo. Hataniona mpaka aseme mwenyewe. Karibu mwaka mzima."

"Kwa hiyo ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyekuzuia."

"Ulikuwa na miaka minane. Watu wazima tulikuwa wawili, kila mmoja amesimama stesheni yake anangoja mwenzake aondoke kwanza." Alinivuta nikae kitandani. "Sikukwambia alipokuwa hai kwa sababu angejua ni wewe uliyemtaja, halafu angekuonea haya. Unamjua."

Namjua. Nikalia kama nilivyopaswa kulia kwenye ile ndoo, na Mama akaniacha nilie, mkono wake mgongoni. Kisha nikaikunjua karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu, herufi zimeinama zote upande mmoja. Nilieleza kwamba shule ni nzuri na kwamba Aziza ana paka. Halafu chini kabisa: Mama, dereva wa treni alimpa Baba zawadi ya shaba. Imeandikwa jina la stesheni yetu. Anaificha kwenye sanduku lakini mimi naijua. Inang'aa sana. Njoo uione.

Niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa sababu Mama aliniomba.

"Nilikuja," alisema. "Nilichelewa tu."